Mkitaka kulifufua kundi letu la sekondari, fungueni mlango kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mi ni msomaji wa siku nyingi hapa Tabora mjini ila kuandika siandikagi, nasomaga tu za wenzangu nikimaliza nakunja gazeti, safari hii imebidi maana jambo lenyewe limenikaa kooni na kule lilikoanzia nimeambiwa ninyamaze.

Iko hivi. Tuliosoma pamoja kidato cha tano na sita kwenye shule moja ya bweni ya wavulana hapa hapa Tabora (jina la shule naliacha, na sio ile kongwe aliyosoma Mwalimu Nyerere ambayo mtu akisikia Tabora anaifikiria hiyo hiyo) tuna grupu letu la WhatsApp. Ila sio grupu la darasa zima. Ni la wale tu waliokuwa kwenye kundi, maana pale shuleni tulikuwa na kundi letu ambalo huingii mpaka ukubaliwe, lina jina lake na siri zake, jina nalo siliandiki, wenyewe mtakaosoma hapa mnajijua. Sasa juzi kati mwenzetu mmoja ambaye Mungu kamjalia akaja na wazo kwamba tuchange hela tulifufue kundi pale shuleni, kila mwaka tuwe tunachagua vijana wachache wenye hadhi, tuwanunulie fulana, tuwalipie masomo ya ziada, wakimaliza tuwashike mkono mpaka chuo na mpaka kwenye ajira. Watu wakashangilia kweli kweli, picha za makofi zikajaa. Mi nikaandika kwamba kwa mpango huo sichangii. Basi nikaulizwa nina roho ya aina gani, kundi limekulea alafu leo unalikana?

Limenilea, sikatai. Ndo maana naongea kama mtu aliyekuwa ndani, sio mtu wa kusimuliwa.

Ilikuwa 1996 mpaka 1998. Kipindi hicho hamna simu, hamna nini, gazeti linafika na treni likiwa limeshachakaa. Asubuhi uji, mchana ugali wa dona na maharage, usiku tena ugali na maharage, na hayo maharage kama hujuani na anayegawa unapewa mchuzi mtupu. Kijana wa miaka kumi na tisa anayeamka na mchakamchaka, anaingia darasani, jioni yuko shambani na jembe, usiku anasoma, njaa yake unaijua. Kwa hiyo mtu akikuuliza kundi letu lilikuwa la nini, wengine watakwambia lilikuwa la mijadala, la kuzungumza Kiingereza, la kujenga viongozi, na kweli hayo yalikuwepo, lakini mi nakwambia kitu cha kwanza kilikuwa tranka.

Tranka lenyewe lilikuwa la chuma, kubwa, rangi ya kijani iliyobanduka, linakaa chumba cha mwisho bwenini na ufunguo anakaa nao katibu. Kila mwanachama alichotumiwa toka nyumbani kinaingia humo, sukari, karanga, maziwa ya unga, siagi, asali ya huko Sikonge, kila kitu. Jumamosi usiku tukishaitwa majina tunakusanyika, linafunguliwa, tunakula pamoja na kuongea mpaka usiku mkubwa. Mwanachama alikuwa na kipande cha uzi mwekundu kimeshonewa ndani ya kola ya shati, kwa nje hukioni mpaka akunjue kola. Tulikuwa na mwembe wetu ambao asiye wa kundi hakai chini yake. Bwaloni hatupangi foleni, kuna njuka, yaani mwanafunzi mgeni, wa kukushikia nafasi na sahani. Na kiranja wa bwalo karibu kila mwaka alitoka kwetu, walimu walijua na wakaona sawa maana tulikuwa vijana wasafi, tunaongea vizuri, hatutoroki, kwa hiyo upawa wa maharage ulikuwa mkononi mwa mtu wetu, na ule upawa ukifika kwenye sahani ya mwenye uzi ulikuwa unazama mpaka chini ya sufuria.

Kuingia sasa. Unapendekezwa na mwanachama, mwingine anakuunga mkono, alafu taa inazimwa na kikombe cha plastiki kinapitishwa mkono kwa mkono. Unayemkubali unadondosha karanga, unayemkataa unadondosha punje ya mahindi. Taa ikiwashwa kikombe kinamwagwa kwenye daftari na ikikutwa punje moja tu ya mahindi basi, hamna kuuliza nani kaiweka wala kwa nini. Mpaka leo ile sauti ya punje zinavyogonga plastiki gizani naijua.

Mi niliingiaje? Sikuwa mtoto wa mkubwa, mzee wangu alikuwa fundi cherehani. Ila mjomba wangu alikuwa mhudumu kwenye treni ya abiria ya Dar kwenda Kigoma. Wanaoijua stesheni ya Tabora wanajua treni inavyokaa pale, behewa za Mwanza zinakatwa, za Kigoma zinaungwa, kwa hiyo kuna muda wa mtu kuomba ruksa, kukimbia stesheni na kurudi na mzigo. Akitoka Kigoma mjomba analeta dagaa, migebuka iliyokaushwa na kidumu cha mawese. Akitoka Dar analeta sukari na sabuni, na kubwa kuliko vyote fotokopi za mitihani ya moko, ile ya kujipima kabla ya mtihani wa taifa, ya shule za huko, maana alikuwa na jirani yake mwalimu. Hizo karatasi kwa sisi wa bara zilikuwa dhahabu. Kwa hiyo nilipopendekezwa kikombe kilijaa karanga tupu, na nilielewa kabisa kwamba kilichopigiwa kura pale ni ile treni.

Mazuri yake nayasema bila kubania. Mwenzetu mmoja wa Kasulu alifiwa na baba yake katikati ya muhula, taarifa imefika jioni, usiku huo huo kundi likachanga nauli yake na nauli za wawili wa kumsindikiza, wakapanda treni mpaka Kigoma alafu gari mpaka kwao, wakamzika mzee na mwenzao wakarudi naye. Shule isingeweza hilo kwa haraka ile. Nilipomaliza na kwenda Dar kutafuta maisha nililala chumbani kwa mwanakundi Manzese, chumba kimoja, kitanda kimoja, hakuniuliza utaondoka lini hata siku moja. Kazi yangu ya kwanza nilielekezwa na mwanakundi. Hawa ni ndugu zangu, watoto wao wananiita baba mdogo, kwa hiyo asije mtu akadhani naandika kwa chuki.

Lakini kulikuwa na kijana wa darasani kwetu ametokea Urambo, wazazi wake wakulima wa tumbaku. Kwenye hesabu yule hakuwa na mpinzani pale shuleni, yaani mwalimu akikwama ubaoni anamwangalia yeye. Alikuja na tranka la mbao na gunia la matobolwa, na kwa wasiojua, matobolwa ni viazi vitamu vinachemshwa vinakatwa vinaanikwa mpaka vinakauka kabisa, unaweza ukakaa navyo msimu mzima. Gunia lake lilikaa chini ya kitanda mdomo wazi, bweni zima tulikuwa tunachota, yeye wala haulizi. Mi nilimpendekeza. Niliongea kwa kirefu kwamba huyu tunamhitaji, ana akili na ana utu. Taa ikazimwa, kikombe kikapita, kikamwagwa, karanga na katikati yake punje moja ya mahindi. Baadaye nikasikia mtu anasema kwa sauti ya chini huyu ataleta nini, matobolwa?

Na hili ndo linalonikera mpaka leo. Hatukuacha kumtumia. Usiku tukikwama kwenye hesabu tunamwita aje chumba cha mwisho, umeme ukiwa umekatika tunawasha koroboi, anakaa kwenye ukingo wa kitanda anatuelekeza taratibu kwa ile sauti yake ya upole, anarudia mara ya pili na ya tatu mpaka mzito kuliko wote aelewe. Anasoma kwenye fotokopi zetu na hazichukui. Tukimaliza kunakuwa kimya. Mtu anapiga miayo, mwingine anakunja karatasi, hakuna anayesema toka ila yeye mwenyewe anainuka anaaga usiku mwema jamani, anafunga mlango, tunasubiri hatua zake ziishe kwenye korido, alafu katibu anatoa ufunguo.

Mwishoni mwa 1997 zikaja mvua za El Nino, nadhani wengi mnazikumbuka, reli ya kati ikakatika upande wa Morogoro na Dodoma na vitu vya Dar vikawa havifiki. Sukari ikaisha kwenye tranka. Wazazi wa wengi hali ikawa mbaya maana barabara nazo ndo usiseme. Sasa hapo ndo kundi lilijionyesha. Wanachama wawili ambao hawakuwa tena na cha kuweka wakaambiwa wapumzike kwanza mpaka hali itengemae, wapumzike, yaani wavue uzi kwenye kola, watu tuliokuwa tunaitana ndugu wa damu. Mmoja wao sasa hivi yuko kwenye grupu letu na ni kati ya waliopiga makofi, nashangaa ila labda kasahau. Wakati huo huo lile gunia la Urambo lilikuwa bado liko chini ya kitanda, na hao wawili waliopumzishwa walikula humo.

Miaka mingi baadaye nikakutana na yule bwana Nzega, ni mwalimu, tukakaa tukanywa chai. Nikamuuliza kama alikuwa anajua. Akacheka akasema kaka, harufu ya dagaa inajificha? Nilikuwa nalala chumba cha tatu toka kwenu. Alafu akasema chakula hakikuniuma, kwetu nilizoea kulala bila kula, kilichoniuma ni mlivyokuwa mnanyamaza. Akabadilisha mazungumzo akaanza kunieleza kuhusu darasa lake lina wanafunzi wengi kuliko madawati.

Sasa kwenye grupu nimejibiwa hoja mbili na zote nataka nizijibu hapa maana kule kila nikiandika napelekwa kwenye utani.

Wa kwanza kasema elimu ya Tabora tangu zamani ni ya wateule, hata hiyo shule kongwe ilianzishwa na Waingereza miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa machifu. Ni kweli, na Mwalimu mwenyewe alikuwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki alipofika hapa 1937. Lakini ndugu yangu malizia hiyo historia. Ni serikali ya huyo huyo mtoto wa chifu iliyoondoa mamlaka ya uchifu 1963, na 1967 akaja na Elimu ya Kujitegemea akilalamika waziwazi kwamba elimu tuliyorithi inatengeneza watu wachache wanaojiona juu ya wenzao. Sisi wenyewe tusio machifu tumeketi kwenye madawati ya sekondari kwa sababu mlango ule ulifunguliwa, mzee wangu na cherehani yake angenipeleka wapi?

Wa pili kasema hata mila zetu za Kinyamwezi na Kisukuma zina vyama vya siri, akataja Bayeye. Hapo nikashukuru kaitaja mwenyewe. Bayeye ni watu wa nyoka, wana siri zao, wana dawa zao, wana namna yao ya kumwingiza mtu, na bibi yangu alikuwa akiwaheshimu sana. Lakini mtu akigongwa na nyoka porini huko wanakuja kumtibu na yeye sio wa chama chao. Siri walikaa nayo wao ila faida yake kijiji kiliipata. Tuambiane ukweli, shule ile ilipata faida gani kwa tranka letu? Bweni la pili lilipata nini? Fotokopi za moko zilikuwa kwenye chumba kimoja wakati mchepuo mzima unafanya mtihani ule ule wa taifa, na matokeo yalipotoka sisi tukaonekana tuna akili.

Na shule za sasa sio zile. Ada ya kidato cha tano na sita imefutwa toka 2022, sekondari ya chini ilishatangulia toka 2016, kwa hiyo wanaoripoti pale getini ni watoto wa kila aina na ni jambo la kushukuru. Wote wanakuja na fomu moja ya kujiunga, godoro, shuka, ndoo, jembe, ufagio, rimu ya karatasi. Mzazi wa Kaliua anauza mpunga au kuku mpaka ile orodha itimie, anamsindikiza mwanae anajua wakishapita geti wako sawa. Alafu sisi watu wazima wenye vitambi tuingie na fulana tuwachague kumi wenye hadhi? Hadhi tunaipimaje, kwa viatu? Tunataka yule wa mlango wa tatu aendelee kusikia harufu tu?

Nasema hivi kwa sababu nayajua mambo yaliyotusaidia kwenye lile kundi na hakuna hata moja linalohitaji kura ya punje. Mitihani iliyopita na ya moko, hiyo ni kabati moja maktaba na mtu wa kuzidurufu, kila mwanafunzi asaini achukue. Mtu wa kuelekeza hesabu, tuchange tumlipe mwalimu wa ziada kwa mchepuo mzima, au hata tuwape posho kidogo vijana wa kidato cha sita wanaojua kufundisha wenzao, maana wapo, kila mwaka wapo. Nauli ya msiba, tuweke mfuko kwa mwalimu wa malezi, mtoto akifiwa asafiri usiku huo huo bila kuulizwa ana uzi gani. Taa za sola madarasani umeme ukikatika. Chakula ni kigumu zaidi, siwezi kusema tutalisha shule nzima, lakini tunaweza kuwasaidia walime bustani ya mboga na kununua pampu, ardhi wanayo, na mwenzetu mmoja humo humo kwenye grupu ni bwana shamba hodari, anaijua kazi hiyo vizuri.

Na upawa wa bwaloni, hili nawaomba walimu kabisa, msimwachie kiranja mmoja mwaka mzima. Badilisheni kila wiki, bweni kwa bweni. Mtu anaweza akaona ni kitu kidogo lakini kama uliwahi kula mchuzi mtupu muhula mzima huku unaona sahani ya jirani imejaa, unaelewa kwa nini naliandika kwenye gazeti.

Urafiki siupingi, Mhariri. Vijana watachaguana tu, watakaa chini ya mwembe wanaoupenda na wanaowapenda, ndo ujana wenyewe na mi ujana wangu nauona ulikuwa mzuri. Ninachokataa ni watu wazima kwenda kuwawekea kufuli na kuwalipia.

Fungu langu la mchango nimeshalitenga, na linaenda kwenye akaunti ya shule, sio kwa mweka hazina wa kundi. Mwalimu wa maktaba nimeshaongea naye kuhusu lile kabati na seremala wa Cheyo kanipa bei. Aliyesoma pale miaka ile, awe alikuwa na uzi au hakuwa nao, anayetaka tushirikiane aende ofisini kwa mkuu wa shule aache jina, tutaitana. Kwenye grupu nimeomba darasa zima waingizwe, nimetuma na orodha ya majina niliyoyakumbuka, la kwanza ni la yule wa Urambo. Admini amesoma, hajajibu, na mi nitaendelea kumuuliza kila Jumamosi.

Wako,
Mpwa wa Mtu wa Reli
Cheyo, Tabora